Bwana Waya na Vita vya Kisanduku

Wekeni vikombe chini, zimeni redio, na mwenye kikohozi akakohoe nje kisha arudi taratibu, kwa maana inakuja habari nzito kuliko kuanguka kwa ngome na kutimuliwa kwa majeshi. Ni habari ya Bwana Waya, mpanda ngazi, mdharau maelekezo, msomaji wa mita za maji asiyerudishwa nyuma na mbwa wa lango lolote, jinsi alivyoinuka kochini siku ya Jumapili mchana, miguuni soksi, mkononi bisibisi, akaenda kupigana na kisanduku cha kurekodi vipindi vya televisheni.

Kisanduku hicho kilikaa sebuleni kwenye rafu ya chini, cheusi, kimya, chenye taa moja nyekundu, kimezungukwa na nyaya ambazo Bwana Waya mwenyewe alizisuka miaka iliyopita na ambazo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Ndani yake mlikuwa na takataka nyingi za matangazo na mpira, na kitu kimoja cha thamani: kipindi kifupi kuhusu saa kubwa ya stesheni. Katikati ya kipindi hicho, kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai, alionekana marehemu fundi saa akiwa juu ya ngazi, kofia kichwani. Binti yake, ambaye ndiye mke wa Bwana Waya, aliwahi kubonyeza kitufe cha kurekodi kipindi kiliporudiwa, na tangu hapo hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo baba yake aliendelea kutembea na kusema.

Mjane wa fundi saa, yaani Mama Mkwe, alikuwa amelala chumbani kwake, chumba cha nyuma. Aliteleza bafuni, mfupa wa nyonga ukapata ufa, na daktari akakataza asiinuliwe hata kidogo mpaka siku ya kupasuliwa. Siku hiyo ilikuwa kesho. Gari la hospitali lingekuja asubuhi. Mama Mkwe hakulalamika. Alisema tu, huku akikunja na kukunjua ncha ya shuka, "Ningependa kumwona mzee wenu kidogo kabla sijaenda. Lakini msihangaike."

Neno hilo, msihangaike, ndilo lililotangaza vita.

Baraza likakaa sebuleni katikati ya marundo ya sare za shule, maana mke ni fundi cherehani na sebule ndiyo karakana yake.

"Tulimwonyesha kwa simu ya video juzi," alisema mke bila kuinua macho kwenye pindo. "Akasema anaona kofia. Uso hakuuona."

"Simu," alijibu Bwana Waya, kwa sauti ambayo wengine huitumia kumtaja mende. "Mke wangu, binti wa fundi, mama wa pindo zilizonyooka, je, mtu aliyepanda kwenye saa ya stesheni atazamwe kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja? Kule chumbani kuna televisheni. Ina intaneti. Itapokea. Nitakifungua kinywa kisanduku hiki, nacho kitasema nyumba nzima."

Maana yake ilikuwa hivi. Programu ambayo kisanduku kilitoka nayo kiwandani ilikuwa kama mlinzi mwenye roho mbaya: kipindi kikiingia, hakitoki, hakinakiliwi, hakitumwi, hakionekani kwenye televisheni nyingine. Lakini huko mtandaoni wapo watu, na inaonekana hawana shughuli nyingine, waliotunga programu mpya. Ukiifuta ile ya kiwandani na kuweka yao, kisanduku kinalainika na kuanza kugawa vipindi kwa kila televisheni iliyo kwenye waifai moja nacho. Bwana Waya alikuwa ameshaipakua kwenye flashi, naye akaishika flashi ile kama mfalme anayeonyesha upanga.

"Na kikifuta vipindi?" mke akauliza.

Bwana Waya akasimama. Mkono mmoja akauweka kiunoni, na mwingine, kwa bahati mbaya, juu ya pasi. Alipomaliza kuupuliza, alihutubia.

"Mimi ni mtu wa kuogopa kisanduku? Mimi niliyefunga antena upepo ukivuma? Mimi niliyeitengeneza kengele ya mlango ikalia wiki nzima?"

"Ililia wiki nzima kwa sababu ilikataa kuzimika," mke alisema. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Nakuuliza tena, Baba Watoto. Kikifuta? Baba yangu yuko mle ndani."

Hapo bingwa wa hotuba akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Nimesoma maelekezo," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Yote. Nikarudia."

Mke alimtazama kwa muda. Tangu waoane hakuwahi kumsikia akikiri kusoma maelekezo ya kitu chochote, hata ya dawa.

"Basi endelea," akasema.

Nani atasimulia mapambano ya saa ile bila kufuta jasho? Flashi ikaingia, kisanduku kikazimika, kikawaka, kikazimika tena kama mtu anayekataa kuamshwa. Kwenye televisheni likatokea onyo kwamba umeme usikatike hata kidogo, la sivyo kifaa kitakufa na kila kilichomo. Bwana Waya akalisoma onyo hilo kwa sauti ya mpiga mbiu. Mke alijua, kama kila mtu wa nyumba hii ajuavyo, kwamba umeme wao hukatika pasi na friji zikivuta kwa pamoja. Akaichomoa pasi, ingawa sare zilihitajika kesho, akaikunja mikono yake mapajani, akakaa hivyo mpaka mstari wa kijani ulipotambaa kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, polepole kama konokono aliyekunywa uji.

Kisanduku kikawaka. Taa ikawa ya buluu. Orodha ikafunguka, na katikati ya mpira na matangazo palikuwa na maneno yaleyale: saa ya stesheni.

Mke akatoa pumzi. Bwana Waya akainua bisibisi juu, akatangaza kwamba adui ameanguka, na kwamba vizazi vitakavyokuja vitapita sebuleni humu kwa heshima na bila viatu. Kisha akaenda chumba cha nyuma kuvuna ushindi wake, akaiwasha televisheni ya Mama Mkwe, akatafuta kisanduku. Televisheni ikasema hakuna kifaa kilichopatikana.

Akatafuta tena. Hakuna kifaa.

Vita vya pili vikaanza hapo, na hivi vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza, kwa sababu vilipiganwa mbele ya mgonjwa mpole. Bwana Waya alizima na kuwasha. Alikipa kisanduku jina jipya lenye vitisho. Aliing'oa ruta sebuleni, akaizungusha ukumbini juu ya sinia akiwa ameinyanyua kuliko kichwa, kama anampelekea chakula jitu lisiloonekana. Alipanda kiti. Alishuka kiti.

"Mwanangu," alianza Mama Mkwe.

"Subiri kidogo, Mama. Yuko njiani."

"Nilitaka tu kusema..."

"Mama, usijichoshe. Hii ni kazi ya wanaume na waya."

"Pole basi," alisema Mama Mkwe, akaendelea kukunja ncha ya shuka.

Wakati huo mke alikuwa sebuleni peke yake na kisanduku. Kilikuwa hapo rafuni, chenye ukubwa wa mkate mdogo. Alikitazama. Na ghafla likamjia wazo jepesi, la aibu kabisa, ambalo halikumjia mtu yeyote tangu asubuhi kwa sababu ya kelele za hotuba: mkate unabebeka. Nyuma ya televisheni kulikuwa na waya mfupi wa picha. Akauchomoa, akautia kwenye mfuko wa aproni yake, akaenda chumba cha nyuma kuumaliza mchezo.

Alipofika mlangoni alimkuta mume wake ameketi sakafuni chini ya televisheni, sinia magotini.

"Wiki nzima, Mama," alikuwa akisema, bila mbwembwe, "binti yako anakuogesha, anakulisha, anakugeuza. Mimi nasimama mlangoni nakuuliza hujambo. Hujambo, kisha naondoka. Nilitaka kitu kimoja nikufanyie mimi."

Mke akaondoa mkono mfukoni.

"Mwanangu," Mama Mkwe akasema, "usinikasirikie. Televisheni hii haiko kwenye waifai yako."

Bwana Waya akainua uso.

"Yako haifiki huku nyuma. Picha ilikuwa inakwama kila siku. Yule nesi wa jirani alipokuja kunichoma sindano ya malaria akaona, akaniunganisha na ya kwake. Tangu mwaka jana. Sikutaka kukwambia, kwa maana unaipenda sana ile yako."

Hapa msikilizaji ajue kwamba waifai ya Bwana Waya inaitwa Ngome Kuu, na nenosiri lake ni refu kuliko hotuba zake, lina alama ambazo hata cherehani haiwezi kuzishona. Na lengo la ngome yote hiyo lilikuwa moja, kumzuia nesi mstaafu wa jirani asije akanywa intaneti ya watu. Ya nesi inaitwa Mlango Wazi. Ilikuwa sasa mwaka mzima ambapo mlinzi wa ngome alilala kwa amani huku mama mkwe wake akinywa kwa jirani.

Bwana Waya akasimama, akavaa viatu.

Mke akamfuata, kwa sababu aliogopa kwamba angehutubia.

"Karibuni," alisema nesi mlangoni kwake. "Mita yangu si uliisoma wiki iliyopita?"

"Nesi," alianza Bwana Waya, "zipo nyakati katika maisha ya majirani ambapo kuta zilizojengwa na wanaume wenye busara..."

"Unataka nenosiri."

"Ndiyo."

"Ni 'karibu'. Herufi ndogo zote." Akamtazama kwa udadisi. "La nini?"

Mke akaeleza: kipindi, mzee, kisanduku, kesho hospitali. Nesi akasikiliza hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mgonjwa.

"Hicho kisanduku ni kikubwa?"

"Kiasi hiki hapa," Bwana Waya akaonyesha kwa mikono.

"Sasa si ukibebe tu, ukakichomeke kwa waya kwenye televisheni ya dada yangu, mama mkwe wako?"

Mdomo wa Bwana Waya ulifunguka, ukafungwa. Nyuma ya bega lake mke akamtazama nesi machoni, akatikisa kichwa polepole, akaushika mfuko wa aproni. Nesi alikuwa ameuguza watu wa kila aina maisha yake yote, na waume zao pia.

"Lakini hizo waya husumbua," nesi akasema.

"Husumbua sana," alisema haraka mtu aitwaye Bwana Waya. "Waya si za kuaminika kabisa."

Wakarudi. Na kwa kuwa Mlango Wazi haukufika sebuleni, ilibidi kisanduku kisogezwe. Shujaa akazichomoa nyaya alizozisuka, akakikumbatia kisanduku kifuani, akatembea nacho ukumbini kwa hatua za maandamano ya kifalme, akakiweka kwenye stuli, kando kabisa ya televisheni ya chumbani, mahali ambapo panya angeweza kuvuka kutoka kimoja hadi kingine bila kukaza mwendo. Kisha kwa simu yake akakiandikia kisanduku 'karibu', herufi ndogo zote. Na picha ya fundi saa ikatoka kisandukuni, ikapita ukutani, ikaenda nyumbani kwa nesi, ikazunguka ndani ya ruta yake, ikarudi kwa ukuta uleule, ikaingia kwenye televisheni iliyokuwa imeegemea kisanduku kilekile.

Fundi saa akatokea mzima, kofia kichwani, mshale wa saa kubwa nyuma yake. Uso ulionekana.

"Nipe ile bisibisi ndogo," alimwambia mtu aliyekuwa chini. Akanyoosha mkono, akangoja, akajipapasa kifuani, akaitoa bisibisi kwenye mfuko wake mwenyewe. Akacheka kidogo, akageuka kwenye saa.

"Huyo," alisema Mama Mkwe. Machozi yalikuwa yanateremka lakini alikuwa anacheka. "Huyo ndiye. Nyumba nzima tutafute miwani, kumbe iko mfukoni. Rudisha, mwanangu."

Bwana Waya akarudisha. Fundi akaomba bisibisi, akaipata. Akarudisha tena. Ndipo ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.

"Dada," ilisikika sauti ya nesi, "na mimi nimempata huku kwangu. Nimewasha tu televisheni, kanitokea. Kumbe alikuwa kijana mzuri hivi?"

"Usimwangalie sana," Mama Mkwe akajibu ukuta.

Wakamtazama hivyo, wawili kwa ukuta mmoja, mpaka Mama Mkwe akasema inatosha, kesho na waje tu na gari lao. Mke akainama kumwekea mto vizuri. Ncha ya waya ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa aproni. Mama Mkwe akaiona. Akamtazama mkwewe, aliyekuwa amesimama katikati ya chumba akieleza, bila kuulizwa, jinsi programu mpya ilivyo na nguvu. Kisha kwa kidole kimoja akaisukuma ncha ile ikazama ndani.

"Umefanya kazi kubwa, baba," akamwambia.

Na ijulikane hivyo, basi, popote pale habari za mashujaa zinapohesabiwa: kwamba siku ile Bwana Waya, mvunja ngome yake mwenyewe, alimsafirisha mtu mzima kupitia nyumba ya jirani ili kumfikisha umbali wa kiganja, wala hakupotea njiani. Atakayesema kulikuwa na njia fupi zaidi, aende akamuulize mke wake. Atamkuta cherehanini, anamalizia sare za watu, na mfukoni hana kitu.