Kutekwa kwa Kipandio cha Saba

Enyi mliokaa vivulini mkijipepea, inueni nyuso! Acheni habari za wafalme waliobomoa ngome; ngome zimebomolewa na wengi. Nawaletea habari za Bunlert, simba wa kichochoro cha washona viatu, karani mstaafu wa idara ya ardhi, mwenye kitambi cha utulivu na kofia ya ukili, aliyeuvuka mto wa Bangkok kwa kivuko cha saa nne asubuhi ili mkewe apigwe picha.

Picha moja. Msicheke.

Kwani Lamduan, mkewe, kwa miaka thelathini na minane alianika nguo darini akiutazama mnara wa hekalu ng'ambo ya mto, na watu wa mataifa yote, hata wasiojua kukunja mguu mbele ya sanamu, wakaupanda; yeye hakuupanda hata siku moja. Ijumaa moja daktari akamwambia magoti yake hayatamaliza mwaka bila kupasuliwa. Jioni alimwambia mumewe, huku akichambua mboga, "Nipeleke kabla hawajanikata. Nataka picha pale kwenye ngazi." Hakurudia. Katika ndoa yao yote hilo lilikuwa ombi la tatu, na mawili ya kwanza Bunlert alikuwa ameyasahau.

Basi wakafika, na lo, ngazi imekwisha tekwa! Jeshi la mabinti wa kifalme wa kukodi limeifunika toka chini hata juu kama nzi juu ya fenesi: mataji ya plastiki, hariri ya nusu siku, kope za gundi. Alfajiri walikuwa makarani wa benki na wauza simu. Wakavikwa enzi katika duka la kukodisha mavazi nyuma ya soko, na adhuhuri wangeirudisha enzi hiyo ikinuka jasho. Kila binti alikuja na mpiga picha wake, na kila mpiga picha na ngao yake ya kitambaa cha fedha, ya kulirudisha jua usoni, kana kwamba jua la Aprili, kali kuliko la miezi yote huko, linahitaji kuhimizwa. Hekalu lenyewe hapana aliyelitazama. Wote waliligeuzia mgongo.

Amiri wao alikuwa Kittiphop, kijana wa kizibao chenye mifuko kumi na minne.

"Ya mwisho hii, mjomba," alisema.

Bunlert akangoja. Ya mwisho ikazaa ya mwisho kabisa, na ya mwisho kabisa ikazaa ya mwisho ya kweli. Nusu saa ikapita, jua likimla shingo. Alipoinua mguu tu, amiri akapaza sauti: "Mjomba, we mjomba! Unaniingilia kwenye picha! Hebu jibanze kule nyuma ya mtungi."

Hapo simba alinguruma. "Ewe mwana wa kamera! Wamjua unayemjibanzisha? Miaka thelathini na mmoja nimeipima mipaka ya mji huu! Nimesimama kati ya ndugu wawili wenye mapanga, wakigombea ardhi ya upana wa kiganja, wala sikurudi nyuma! Ni hati gani iliyokupa kipandio hiki?"

"Kwani wewe unayo, mjomba?"

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Hakuwa nayo.

Lamduan akamshika mkono. "Twende zetu nyumbani, bwana. Nimeshauona. Yatosha."

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akiupumzisha wa pili. Bunlert akautazama mguu ule, na haya ikamshika, haya isiyoondoka kwa hotuba.

Ndipo alipotenda tendo. Akavipanda vipandio sita, akafika cha saba, akaketi katikati.

"Mjomba, inuka bwana, nina wateja!"

"Nimekaa."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Nami nimestaafu."

Mzingiro ukadumu dakika ishirini. Wakamwangazia ngao zao za fedha, akaishusha kofia. Wakamsihi, akawa jiwe. Mwisho binti aliyesimama juu yake, Chanida, mhasibu wa kiwanda cha sabuni, kope moja ikiwa imeng'oka na kuning'inia, akatupa upepeo wake.

"Ah, Kit, waachie wazee wa watu! Taji linanipasua kichwa, na mkojo umenibana tangu saa tatu!"

Akakusanya marinda akashuka, na wenzake, kwa aibu au kwa kiu, wakamfuata. Kipandio cha saba kikabaki cha Bunlert peke yake.

Lamduan akapanda, kipandio kwa kipandio, akishika ukuta. Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole gumba cha Bunlert. Ya pili, mkewe amefumba macho. Chanida akamnyang'anya simu: "Hebu lete, mjomba. Nenda ukasimame na mama." Bunlert akasimama kando ya mkewe, mikono tumboni, mkakamavu kama aliyeitwa na mkurugenzi.

Wenye kuandika tarehe na waandike: siku ile himaya ya taji la plastiki ilirudishwa nyuma hatua tatu, kwa nukta arobaini kamili, kisha ikafurika tena kana kwamba hapakuwa na mtu.

Kivukoni Lamduan alimwonyesha picha kila mtu, aliyeuliza na asiyeuliza. Muuza chai akaisogeza karibu na macho.

"Mbona mumeo amekunja uso hivi?"

"Muache," akasema Lamduan. "Alikuwa vitani."