Saini Nne za Panya wa Mtaro

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya tisini na moja ya majaribio yangu ya kazi katika nyumba ya mnada ya Oddfield na Wanawe, Deptford, London. Shahada ya historia ya sanaa: daraja la kwanza. Tai: mpya. Hali ya moyo: njema, hadi saa tatu na robo.

Saa tatu na robo Bi. Oddfield alituita ofisini, mimi na Tamsin Okell, akatuarifu kwamba idara ya muziki ina nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Moja! Ataipata yule atakayeleta mali bora zaidi kwa ajili ya mnada wa vitu vya panki, ule muziki wa fujo wa miaka ya sabini, Alhamisi ya wiki ijayo. Tena, kwa desturi ya nyumba hii, ndiye atakayepanda jukwaani na kushika nyundo, aiuze mali yake mwenyewe mbele ya halaiki.

Nyundo! Nimekuwa nikijizoeza nyumbani kwa kijiko cha mbao.

Tamsin aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akauza santuri sokoni kwenye meza ya kukunja. Hana shahada, hana tai. Ana kicheko ambacho wateja hukifuata kama nzi wafuatavyo jamu. Sina wivu naye. Ninachokiona ni upungufu wa haki katika maumbile.

Nimempigia Mama simu Harrogate, nikamdokeza kwamba mambo yanaelekea kuzuri. Kufikia saa sita mchana alikuwa amewatangazia wanakwaya wenzake wote kuwa kazi nimekwisha kuipata. Sikumsahihisha. Ni suala la siku chache tu.

Jumanne, 5 Machi

Msiba. Tamsin amepata.

Aliingia bibi mmoja, Maureen Sallis, mpishi mstaafu wa shule, akatoa karatasi ya rangi ya waridi kutoka kwenye mfuko wa mkate. Tangazo la tamasha la Panya wa Mtaro, mwaka 1977, likiwa na saini za wanabendi wote wanne. Wanne! Hao walivunja majukwaa kwa miaka miwili, wakatoa santuri moja, wakasambaratika. Leo hii watu wazima wenye vipara hutokwa na machozi wakionyeshwa kifungo cha koti lao.

Karatasi yenyewe ni aibu tupu. Imekunjwa mara nane. Ina duara la gilasi ya bia. Pembe moja imetafunwa, Bi. Sallis alisema ni mbwa, kisha akafikiri kidogo, akasema labda ni dada yake. Alieleza kwamba alikuwa na miaka kumi na mitano, alitoroka nyumbani, akasubiri nyuma ya ukumbi kwenye mvua mpaka saini zikapatikana, na kwamba hajawahi kumwonyesha mtu kwa sababu marehemu mumewe alipenda muziki wa matarumbeta.

Bi. Oddfield alifumbata mikono kifuani. Tamsin alimkumbatia mzee wa watu kama shangazi yake. Mimi nilitoa pongezi kwa sentensi iliyokamilika. Moyoni, nyongo.

Alhamisi, 7 Machi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo chema kimejileta chenyewe hadi mezani kwangu!

Jina lake Bw. Clement Varley. Koti la sufu, viatu vya kung'aa, mwavuli wenye kishikio cha pembe. Alileta santuri ya Panya wale wale. Jalada safi kama shuka la hospitali. Saini nne, wino wa rangi nne, miandiko minne tofauti, kila mmoja na madaha yake. Na cheti! Cheti cha uhalisi, chenye muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu. Nilisimama kukipokea. Mikono yote miwili.

Tamsin alipita na kikombe chake, akachungulia. Akaniambia chinichini kuwa hajapata kuona panki iliyofungwa utepe. "Mpigie mtu simu kwanza, Profesa," akasema. "Mtu anayewajua."

Nilimkumbusha kuwa mimi si profesa bado, na kwamba aliyesoma huheshimu nyaraka. Akajibu haya baba, shauri yako, akaenda zake akipuliza chai.

Wivu. Nimeutambua mara moja. Nimemsikitikia.

Nimejaza fomu ya ukaguzi inayotakiwa kwa kila mali. *Nimezichunguza saini kwa kina na nimeridhika.* Nikatia sahihi yangu chini, kwa kalamu ya wino niliyopewa siku ya mahafali.

Bi. Oddfield amesema ataamua baina ya mali hizi mbili siku ya maonyesho, Jumatano, umma ukishazitazama.

Jumamosi, 9 Machi

Nilibaki peke yangu ghalani mchana. Kabati la Tamsin lilikuwa wazi. Yaani, lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye droo yake. Nikaitazama karatasi ya waridi kwa kioo cha kukuzia. Si upelelezi. Ni usimamizi wa ubora.

Ugunduzi!

Saini zote nne zimeegemea kushoto. Zote nne zimepakazwa wino upande mmoja, kama anavyopakaza mtu wa mkono wa kushoto anapoburura kiganja juu ya maandishi mabichi. Bendi nzima ya mashoto? Haiwezekani. Mkono ni mmoja! Saini ni za kughushi!

Nilicheza. Kwa muda mfupi, na kwa staha.

Mtu wa kawaida angemwambia Tamsin faraghani, au angemnong'oneza Bi. Oddfield. Lakini ukweli mkubwa unastahili hadhira kubwa. Nimefanya utafiti. Kati ya wanabendi wale, mmoja amefariki, wawili wamehamia ng'ambo na hawajibu barua. Amebaki mpiga ngoma, Bi. Dot Pargeter, miaka sitini na minane, mkazi wa Margate. Nimemwandikia kurasa tatu, nikimwalika afike siku ya maonyesho, saa tano kamili, aitambue saini yake hadharani.

Ukurasa wa pili, nathubutu kusema, ni miongoni mwa maandishi yangu bora.

Jumatatu, 11 Machi

Bi. Pargeter amepiga simu. Sauti kama kokoto ndani ya ndoo. Amesema ukurasa wa pili haukumwingia hata chembe, lakini atakuja, na je, kutakuwa na biskuti. Nikamhakikishia biskuti.

Orodha ya mnada imetoka kwa mchapaji. Nimesoma ukurasa wangu mara kumi na moja. Ukurasa wa kumi na mbili, ambao Tamsin ameandika habari za ile karatasi yake, sikuufungua. Mtu hasomi wasifu wa marehemu kabla ya mazishi.

Jioni Tamsin aliniletea chai bila kuombwa. Akasema akiipata kazi hii atamhamisha mama yake kutoka ghorofa ya nne, maana lifti imeharibika tangu Krismasi na mama miguu haimtaki tena. Akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema hali ya hewa. Mvua ilikuwa ikinyesha.

Chai ilikuwa nzuri mno, sukari mbili, kama ninavyopenda. Nilisitasita kwa takriban dakika nne. Lakini msomi hahongwi kwa chai.

Jumatano, 13 Machi

Niandike polepole.

Saa tano ukumbi ulikuwa umefurika. Vipara. Makoti ya ngozi yasiyofungika tena tumboni. Mama mmoja mwenye nywele za kijani na mkongojo. Bi. Oddfield mbele, Bi. Sallis kando yake na kofia ya kanisani, Bw. Varley karibu na mlango. Dot Pargeter akaingia akichechemea, goti limefungwa bendeji, mkononi chipsi na samaki kwenye karatasi. Watu wakampisha kama mtu apishavyo jeneza la mfalme.

Nilipanda juu ya kigoda. Nikahutubu dakika sita: juu ya ukweli, juu ya mwandiko, juu ya wajibu wa kizazi cha wasomi. Tamsin alinivuta koti mara tatu. Nikajua anaomba huruma. Sikuteremka. Nikatangaza kwamba karatasi ya waridi imesainiwa yote na mkono mmoja, nikamwomba Bi. Pargeter auambie umma, kati ya saini zile nne, ipi ni yake.

Bi. Sallis akavua kofia, akaishika mapajani. Dot akajifuta mafuta vidoleni, akavaa miwani, akainama.

"Zote, kipenzi," akasema.

Nikamwomba arudie, kwa faida ya walioko nyuma. Akarudia, kwa faida ya walioko barabarani.

Kisha akaeleza. Wale wavulana watatu waliapa kutomsainia mtu yeyote. Saini, walisema, ni mambo ya wacheza filamu. Panki na mshabiki wake wako sawa, na atakayeonekana na kalamu mkononi atawanunulia wenzake bia. Lakini watoto walikuwa wakisimama mvuani, meno yanagongana! Angewaacha vipi? Basi alikuwa akijibanza gizani nyuma ya gari, anasaini majina yote manne mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, mbiombio kabla hawajamkamata. Ndiyo maana wino umepakazwa.

Mama wa nywele za kijani akadakia kwamba hilo hata mtoto wa chekechea analijua: ukiona saini nne za shoto mmoja, hiyo ndiyo yenyewe. Tamsin akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba ameliandika ukurasa wa kumi na mbili.

Bi. Oddfield alikuwa amefumba macho.

Bi. Sallis akainuka. Akasema, "Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyeniambia nirudi nyumbani nikavae soksi kavu!" Dot akamwuliza, je, ulivaa? Wakakumbatiana. Ukumbi mzima ukapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa bado juu ya kigoda. Hakuna aliyenishusha.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. La! Dot akageuza shingo, akauliza ile nyingine yenye utepe kama keki ya harusi ni kitu gani. Akaitazama santuri yangu. Miandiko minne. Akacheka hadi chipsi zikamwagika. Akasema Nev, mwimbaji wao, hakusaini hata cheti chake mwenyewe cha ndoa, alichora panya.

Bw. Varley alikumbuka ghafla kuwa ana miadi. Mwavuli ameuacha.

Bi. Oddfield akaomba aletewe fomu ya ukaguzi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama saini iliyoko chini ni yangu. Nikakiri. Akasema angalau hiyo ni halisi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama na Baba walifika bila taarifa, safu ya pili, Mama na kamera. Walikuja kuniona nikigonga nyundo.

Jukwaani alisimama Tamsin. Mimi nilivalishwa aproni na glavu nyeupe, kazi yangu ikiwa kuinua kila mali juu ili watu waione. Nilipoinua karatasi ya waridi Mama akapiga makofi, peke yake. Baba akauliza, kwa sauti ya mtu asiyevaa kifaa chake cha masikio, mbona mwanawe meneja ndiye anayeshika karatasi.

Bei ikapanda. Elfu mbili. Tatu. Mama wa nywele za kijani na mtu aliyepiga simu kutoka Osaka wakashindana hadi pauni elfu sita na mia tano. Nyundo ikagonga. Pa! Mlio safi, mkavu. Niliusikia kwenye fizi.

Baada ya mnada nikawaeleza wazazi kuwa katika fani yetu aliye karibu zaidi na mali ndiye mwenye cheo, na yule wa jukwaani husoma tu tarakimu. Mama akawapelekea kwaya ujumbe papo hapo. Baba alinitazama, akanirekebishia aproni mgongoni ilipolegea.

Kisha Tamsin akaja. Nilijiandaa kwa kejeli. Kejeli ningeiweza. Badala yake akanishika bega, akasema asante, Profesa, bila wewe kumleta Dot isingefika hata elfu tatu. Tena alisema kwa dhati! Akanialika twende baa pamoja na Dot na Bi. Sallis. Nikasema nina kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufagia chipsi za jana. Kicheko chao kilisikika hadi walipokata kona.

Jumatatu, 18 Machi

Bi. Oddfield alinipa dakika mbili. Nafasi ni ya Tamsin. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, idara ya vyombo vya kauri, ghorofa ya chini. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikajibu: kwamba orodha za mnada zisomwe zote. Akasema huo nao ni mwanzo.

Nimehamia chini. Mwenzangu huku ni Ambrose Tuke, miaka kumi na mmoja kazini. Kiti chake kina mikono. Changu hakina. Bi. Oddfield alipomwita alisema "Ambrose wetu". Wetu! Mimi hajawahi kuniita wa mtu yeyote.

Ambrose ana birika la karne ya kumi na nane ambalo kila anayeingia hulishangilia. Nimelitazama kwa makini alipokwenda msalani. Kifuniko kina buluu iliyokoza kuliko birika lenyewe. Havikuzaliwa pamoja! Na hakuna aliyewahi kuona. Miaka kumi na mmoja!

Ningeweza kumwuliza. Anakaa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini maonyesho ya kauri ni Ijumaa ijayo, na ukumbi hujaa ifikapo saa tano. Nimemtafuta mzao wa mfinyanzi aliyelitengeneza, yuko Stoke, mwenye afya njema. Barua imekwenda na posta ya mchana. Kurasa nne.

Saa ya chai Ambrose alinigawia nusu ya mkate wake wa jibini, akasema kwamba kabla sijaanza kazi kuna jambo moja kuhusu vifuniko ambalo ni vyema nilijue.

Nikamwomba asijisumbue.