Daftari la Afya ya Bi Mkubwa

Jumapili, 8 Juni

Daftari jipya! Jalada la kijani, kurasa tisini na sita. Fundi kasema gari lenye umri lazima liwe na daftari lake, kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kila asubuhi kabla ya kuwasha: angalia maji, angalia oili, kagua tairi, sikiliza, andika. Eti gari kuukuu haliuawi na uzee, linauawa na kupuuzwa. Maneno matamu hayo! Nimeyaandika yasinitoke. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu ulisifiwa.

Sasa habari yenyewe. Gari ni la marehemu baba. Miaka ishirini na minne. Ndilo alilonifundishia kuendesha, na usukani umelika pale alipokuwa akiweka kidole gumba. Gumba langu nalo linakaa papo hapo. Watoto wanaliita Bi Mkubwa. Mume wangu anasema nyumba hii ina bi wakubwa wawili, na mmoja tu ndiye anayeamka bila kusukumwa. Sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni.

Leo baada ya chakula cha mchana, kikao. Shemeji, mdogo wake mume wangu, anauza vipuri vilivyotumika. Kaja akamtazama Bi Mkubwa kama mchinjaji anavyotazama ng'ombe. Akatoa futi akapima milango! Nikamwambia milango ile ina mwenyewe. Akajibu eti shemeji yangu, kupima si kuiba.

Ndipo mume wangu akakata shauri. Binti yetu ana mitihani ya vitendo chuo cha uuguzi, kesho mpaka Ijumaa. Saa mbili kamili asubuhi mlango unafungwa, na atakayebaki nje anarudia mwaka mzima. Bi Mkubwa akimfikisha siku zote tano, anabaki nyumbani kwetu. Akichelewesha hata siku moja, Jumamosi shemeji anakuja na kamba amvute akamkate vipande.

Nikakubali mbele ya wote. Siku tano ni nini? Mimi nimebeba mimba tatu!


Jumatatu, 9 Juni

Maji: sawa. Oili: sawa. Tairi: nne.

Kawaka mara ya tatu. Mara ya tatu si kushindwa. Binti mwenyewe huamshwa mara tatu.

Njiani ikaanza sauti chini ya boneti, kama kifaranga kakanyagwa. Wiii! Wiii! Kisha kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, kijisanduku chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Binti akaiona. Akauliza mama, hiyo nini? Mikono ikaanza kumtetemeka. Na leo mtihani ulikuwa wa kuchoma sindano! Nani achomwe na mkono unaotetemeka?

Mama lazima awe na akili. Nikamwambia anipe plasta kwenye mkoba wake wa huduma ya kwanza. Nikaibandika juu ya taa. Taa kwisha! Kifaranga nikamfunika kwa redio, sauti mpaka mwisho. Fundi alisema sikiliza. Nimesikiliza. Sikuipenda.

Tumefika saa mbili kasoro robo. Ushindi! Binti kasema sindano ilikwenda vizuri, mgonjwa wa plastiki hakulalamika.

Jioni jirani yangu, Mama Kitufe, kanikuta napangusa vioo. Tunamwita hivyo kwa sababu gari lake jipya linawaka kwa kubonyeza kitufe, na hajamaliza kutusimulia. Akasema kama nina shida asubuhi nisione haya, yeye atampeleka binti, eti viti vyake vina joto la umeme. Nikamshukuru. Nikamwambia cha Bi Mkubwa nacho kina joto, hasa pale palipotoboka.

Hila ya kesho: stata inaonekana ina usingizi. Nimeegesha gari mtaani kwenye mteremko, pua chini. Kesho sihitaji stata. Naachia breki, tunateremka, gia ya pili, naachia klachi, kawaka! Baba alinifundisha. Nimefurahi kiasi kwamba nimechoma wali.


Jumanne, 10 Juni

Maji: sawa. Tairi: nne. Oili: IMEPUNGUA!

Jana kijiti cha kupimia kililowa mpaka alama ya juu. Leo kimelowa nchani tu. Gari halikutembea usiku, chini hakuna hata tone. Oili imekwenda wapi? Ina miguu?

Nikafikiri. Nani anataka Bi Mkubwa ashindwe? Nani ana mirija na madumu ya kila namna? Nani anapita mtaa huu kila jioni akijifanya anasalimia? Shemeji!

Nikamimina chupa nzima ya oili. Tukateremka, gia ya pili, akawaka kama umeme! Binti alipiga makofi. Mama Kitufe alikuwa getini na kikombe chake, akaona yote. Saa mbili kasoro dakika ishirini tumeshafika.

Mtego wa leo: nimenyunyiza unga kuzunguka gari pale mteremkoni. Mwizi wa oili ataacha nyayo. Mume wangu kauliza mbona unga umepungua debeni. Nikamwambia kila kitu nyumba hii kinapungua, tuwe macho.


Jumatano, 11 Juni

Maji: sawa. Oili: imepungua TENA. Nyayo: za paka.

Shemeji ni mjanja kuliko nilivyodhani. Kauruka unga.

Nimemimina chupa nyingine. Tukateremka, akawaka kwa kukohoa kidogo. Kifaranga sasa amekuwa jogoo. Redio nayo imeanza kufifia, inaimba kama mtu anayesinzia. Nikaimba mwenyewe. Binti akaniomba ninyamaze, anakariri mapigo ya moyo. Nikaimba kimoyomoyo.

Fundi kapiga simu mchana kuuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia oili imejaa. Si uongo, nilikuwa nimeshaijaza. Akauliza kama kuna taa yoyote inayoonekana. Nikasema hakuna inayoonekana. Akasisitiza nisiongeze kitu chochote bila kumwambia. Nikasema ndiyo fundi, ndiyo, Mungu akubariki.

Naogopa kumwambia. Yeye na mume wangu wanasali pamoja. Neno likiingia sikio moja linatokea la mwingine.

Siku tatu zimepita, mbili zimebaki!


Alhamisi, 12 Juni

Maji: sawa. Oili: sitaki kuizungumzia. Chupa ya tatu.

Moshi! Tumeteremka, akawaka, na nyuma yetu mtaa wote ukapotea. Moshi wa buluu, mzito, kama Bi Mkubwa kaanza kuvuta kiko. Mama Kitufe alikuwa anatoka, akafunga vioo vyote vinne kwa mpigo. Kwenye taa za barabarani mwendesha pikipiki akagonga dirisha akauliza mama unachoma nini humo. Nikamwambia wivu wa watu.

Getini mwa chuo mlinzi akatoka mbio na leso puani. Akauliza kama manispaa imeanza kupuliza dawa ya mbu. Binti akashuka hatua ishirini kabla ya geti, akaingia kama mtu asiye na wazazi. Sikukasirika. Kafika saa mbili kasoro dakika kumi, na leo ilikuwa kufunga majeraha. Nilimwombea nikiwa ndani ya wingu.

Shemeji kasikia. Bila shaka kutoka kwa Mama Kitufe. Kapiga simu kwa mume wangu kusema kuna mteja anataka milango, je, aje kesho asubuhi mapema badala ya Jumamosi? Mume wangu kamwambia mkataba ni mkataba, kesho bado ni ya Bi Mkubwa. Hapo nikakumbuka kwa nini nilikubali posa yake.

Nimekaa kwenye gari jioni yote na kushika usukani, gumba pale pale. Nikamwambia Bi Mkubwa, mama yangu, kesho tu.


Ijumaa, 13 Juni

Leo ndiyo leo!

Saa moja kasoro robo nimetoka. Shemeji huyu hapa! Kaja hivyo hivyo, kaegesha pikapu lake mbele ya Bi Mkubwa, pua kwa pua, katikati ya mteremko wangu. Hakuna pa kuteremkia! Nikaingia, nikawasha. Tk. Nikarudia. Tk. Mara ya tatu hata tk hakuna. Na leo mtihani wa mwisho, kuhudumia mama mjamzito. Binti kasimama na koti lake jeupe, machozi yanalenga.

Mama Kitufe kashafungua mlango wa gari lake. Viti vina joto, anasema, njooni. Ningekubali, wallahi ningekubali, binti ni zaidi ya gari. Lakini binti mwenyewe kanitazama, akaangalia usukani, akatikisa kichwa. Akasema tujaribu mama, dakika kumi, tukishindwa ndipo twende naye. Huyu nimemzaa mimi!

Ndipo akili ikaja. Nikamwendea shemeji uso chini. Nikamwambia umeshinda shemeji, mvute, ila taratibu, na niache nishike usukani nimuage. Akalainika! Akasema pole sana shemeji, ndiyo dunia. Akageuza pikapu, akafunga kamba yake kwa uangalifu kama anafunga kanga ya harusi. Binti kalala kiti cha nyuma, kajifunika shuka.

Akavuta. Nikafungua swichi, gia ya pili, nikahesabu mpaka tano kama baba alivyonifundisha, nikaachia klachi. Bi Mkubwa akaruka, akapiga chafya, akanguruma! Moshi ukamfunika shemeji na pikapu lake. Yeye anavuta tu, anajua gari limekufa! Njia panda alisimama kupisha lori. Binti akachomoka na koti lake jeupe, akafungua kamba, akarudi ndani. Shemeji akaenda kulia na kamba tupu. Sisi kushoto!

Saa mbili kasoro dakika NNE. Binti kaingia akikimbia. Mlango ukafungwa nyuma yake. Nikalia, nikacheka, nikapiga honi, honi haikulia. Na hapo hapo Bi Mkubwa akazima, kimya kabisa.

Nikampigia fundi. Kaja, kafungua boneti, kanuka, kakunja uso. Akaomba daftari. Nikampa. Akasoma kasimama. Alipofika kwenye plasta akakaa juu ya tairi. Alipofika kwenye unga akaomba maji ya kunywa.

Kumbe! Kifaranga ni mkanda uliolegea, ndio unaozungusha kile kinachochaji betri. Taa ilikuwa inasema betri haichajiwi. Redio niliyofungulia mpaka mwisho ndiyo iliyokuwa ikimaliza betri. Na oili haikuibwa: mteremkoni inakimbilia upande mmoja, kijiti kinakosa kuigusa. Lazima ipimwe gari likiwa tambarare, injini ikiwa baridi. Nimemjazia chupa tatu asizohitaji, ndiyo maana alikuwa anafukiza mtaa. Kasema mwingine angekuwa ameshakufa. Kasema pia bila daftari hili angehangaika siku nzima. Ametoa oili iliyozidi, kafuta plagi, kakaza mkanda, kachaji betri. Saa mbili za kazi. Bi Mkubwa kawaka mara ya kwanza! Mara ya KWANZA!


Jumamosi, 14 Juni

Hukumu. Shemeji kadai kwamba gari lililovutwa ni gari lililoshindwa. Nikasema halikuvutwa, lilisindikizwa. Mume wangu akauliza binti kama alifika kabla mlango haujafungwa. Akasema alifika. Akauliza alifika na gari gani. Akasema na Bi Mkubwa, baba, kwa magurudumu yake. Mume wangu akafunga kikao.

Nikamwomba shemeji radhi kwa kumdhania wizi. Alikuwa hajui kwamba nilimdhania. Sasa anajua. Lakini kala sahani mbili, hivyo mambo yamekwisha.

Nimeapa mbele ya fundi na mume wangu: kuegesha tambarare, kutoongeza oili bila kuuliza, na taa ikiwaka kupiga simu siku hiyo hiyo. Plasta ya dashibodi fundi kaibandua mwenyewe. Nimeelimika kabisa!


Jumapili, 15 Juni

Nimenunua daftari la pili. Jalada la buluu. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi: daftari lilikuwa moja! La kijani ni la fundi, akitaka asome. Hili ni letu, mimi na Bi Mkubwa.

Leo nimempeleka binti kwa rafiki zake kusherehekea kumaliza mitihani. Bi Mkubwa kawaka mara ya kwanza, mashallah. Wakati wa kurudi imejitokeza taa nyingine. Ya njano, ndogo, nzuri tu. Sauti hakuna, ila kitu kama nyuki, mbali. Kumpigia fundi Jumapili ni kumsumbua mtu na familia yake. Na betri sasa ni nzima, redio inaimba vizuri mno.

Nimeegesha mteremkoni. Kidogo tu. Pua chini.

Jioni Mama Kitufe kaja kwa kunyata, kajifunika mtandio mpaka machoni. Eti jirani, gari langu jipya limewasha taa, nikimwambia mume wangu atasema nimeliharibu, wewe ulifanyaje hata ukafika siku zote tano? Nikamkaribisha ndani. Nikamwambia akae, awe na moyo, magari ni kama watoto. Nikaenda kwenye mkoba wa binti. Nikamkatia plasta moja, kubwa kidogo, maana taa za magari mapya zina kiburi.

Kisha nikaandika kwenye la kijani, kwa mwandiko wangu mzuri: Maji sawa. Oili sawa. Tairi nne. Taa: hakuna inayoonekana.