Jovitus wa Bukoba Ajenga Baraza Mbele ya Ofisi ya Mizigo

Tegeni masikio, enyi wapakiaji makontena na wapatanaji bei wa soko la Zhanxi. Wekeni chini kalkuleta zenu, mpate habari ya Jovitus wa Bukoba, simba wa chuo cha usanifu, mtekaji wa takataka, ambaye mfano wake hajazaliwa na huenda asizaliwe.

Bi Mwanahija, mfanyabiashara wa Zanzibar, alikuwa mpweke. Miaka yake yote ya Guangzhou, Uchina, hakuna aliyemsemesha ila kwa habari ya bei, na jambo hilo lilimuuma sana. Basi akamwomba Jovitus amjengee baraza mbele ya ofisi ya mizigo. Bwana Chen, bawabu wa jengo, mwenye uso wa kufuli, akaridhia kwa sharti moja: jioni likikutwa tupu, linakwenda jalalani.

Hapo shujaa akalivamia soko la vitambaa la Zhongda, akateka mabomba ya boksi gumu yanayoviringishiwa vitambaa, akayafunga kwa mabaki ya jinzi, akapigana na gundi hata ikamshika ndevu. Na kwa kuwa kwao baraza ni la mawaziri na madiwani, akasimamisha viti vyote vikielekea kiti kimoja kirefu cha mwenyekiti.

Watu wakaja, wakaketi, wakasubiri kikao kifunguliwe. Mmoja akaomba radhi kwa kuchelewa. Msabaha, mnunuzi wa viatu kutoka Dar, akauliza ajenda. Alipoambiwa hakuna, akaondoka, na wenzake wakamfuata. Jioni Bwana Chen akatokea na mkokoteni, akatamka neno zito la nchi ile la kukataa: "Buxing."

"Mwanangu," akanena Bi Mwanahija, "nilikuomba baraza ya kukaa watu ukutani, wewe umenletea Bunge. Mie sitaki kuongozwa. Nataka kusemeshwa."

Shujaa akatahayari mpaka visigino. "Niwie radhi, Bi Mkubwa," akajibu. "Mwenyekiti anapinduliwa sasa hivi."

Akaiangusha serikali yake mwenyewe, akamkata mwenyekiti miguu, akavipanga viti vyote ukutani safu moja, bega kwa bega. Bi Mwanahija akaketi, akamimina kahawa. Watu wakarudi, na kila aliyefika akamwambia aliyekaa mwisho, "Sogea." Bwana Chen, mkokoteni ukiwa hauna pa kupita, akapokea kikombe, akakaa ukingoni kwa muda tu.

Mwisho akarudi Msabaha, akakuta pamejaa. Bawabu akamtazama, kisha akamgeukia Bi Mwanahija, akamwambia kwa Kiswahili chake chote:

"Sogea."

Bi Mwanahija akacheka hadi machozi, akasogea. Waandishi wa tarehe na waandike: jioni ile Guangzhou ilitekwa, na ilitekwa kwa makalio.