Daraja la Gervas

Katika wilaya nzima ya Ngara hakuna kijana aliyewahi kupigiwa magoti na bosi wake, isipokuwa Gervas wetu! Tena bosi mwenye wajukuu sita, akiwa na sinia la chai mkononi, akisema, "Shikamoo, baba." Na Gervas hakufurahi hata kidogo.

Mimi Yuster, mtunza stoo, nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikaegemea magunia.

Ushirika wetu wa asali na maharage una ofisi mbili. Sisi tuko Rulenge chini ya Mama Adelfina, nasi tunatumia Wasapu. Wenzetu wako Biharamulo chini ya mwenyekiti, Mzee Ngassa, nao wanatumia Telegramu, kwa sababu mjukuu wa Mzee ndiyo aliyomwekea kwenye simu. Mzee akishazoea kitu, hakibadiliki mpaka kife.

Wao hawataki kuhamia kwetu, na sisi kwao tuhamie kwa lipi? Matokeo yake, mwezi wa sita lori letu na lori lao yalipishana pale Lusahunga. Madereva wakapungiana mikono vizuri tu. La kwetu lilikuwa linapeleka Biharamulo maharage ambayo la kwao lilikuwa linakuja kuyachukua Rulenge!

Hapo ndipo Gervas alipojitokeza. Alikuwa kibarua wa kuchapa barua, mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na Mzee Ngassa alikuwa anakuja Ijumaa kuamua nani abaki na nani aende. Gervas alitaka kubaki, tena akiwa na cheo cha Afisa Mawasiliano. Cheo chenyewe hakikuwepo. Alikibuni yeye, akajichapia kibao cha mezani.

"Yuster," aliniambia Alhamisi asubuhi, kifua mbele, "nimejenga daraja."

"Mto gani?"

"Daraja la mitandao, dada! Anachoandika mtu Telegramu ya Biharamulo, kinatua hapa Wasapu. Na cha hapa kinatua kule. Wenyewe hata hawajui! Kesho namfunulia Mzee, anaanguka chini kwa mshangao."

"Kinapitia wapi?"

"Kwenye simu yangu. Mimi ndiye daraja."

Akaifungia simu kwenye droo ikiwa kwenye chaji, maana daraja, alisema, halitaki kuguswaguswa. Kitu kimoja hakukifikiria, fundi wetu huyu. Kila ujumbe uliopita kwenye simu yake ulitokea upande wa pili kwa jina lake. Aandike nani, aseme nini, wasomaji wanaona: Gervas!

Saa mbili na nusu, Mama Adelfina alitusalimia kwenye kundi letu kama kawaida yake: "Habari za asubuhi, wanangu?"

Dakika hiyo hiyo, kule Biharamulo, katibu wao Nshoma alikuwa amemwamkia Mzee Ngassa mlangoni, na Mzee akamjibu kwenye Telegramu. Sisi Rulenge tukasoma hivi:

Gervas: "Marahaba, binti."

Kisha: "Chai yangu iko wapi?"

Kisha: "Usilete ile ya rangi kama ya jana. Weka maziwa. Na usikawie, una miguu mizito sana siku hizi."

Mama Adelfina akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kisha akainuka, akaenda jikoni. Tulimsikia akichemsha maziwa.

Gervas alikuwa mezani kwake akikinyoosha kibao chake. Alipoinua kichwa, Mama alikuwa tayari amepiga magoti mbele yake, sinia mikononi.

"Shikamoo, baba. Nimekawia, ni hii miguu yangu."

Masikini Gervas! Alitoka kwenye kiti kama aliyekalia siafu, naye akapiga magoti. Wakawa wote wawili chini, wanatazamana juu ya kikombe.

"Mama, si mimi! Naapa kwa Bikira Maria! Ni daraja!" Akaeleza yote huku jasho likimtoka.

Mama Adelfina akainuka taratibu. "Kwa hiyo kila kinachoandikwa kinavuka?"

"Kila kitu, mama!"

"Na cha kwetu kinakwenda kule?"

"Bila kukosa, mama!"

"Hata nilichoandika saa mbili?"

Hapo nami nikaacha kucheka. Saa mbili kamili Mama alikuwa ameniandikia kundini: "Yuster, ile chupa ya asali ya nyuki wadogo ifiche nyuma ya maharage. Mzee Ngassa anakuja kesho, na yule akiona kitu kizuri hakiachi."

Mama akakaa kwenye kiti cha Gervas. "Kimevuka kwa jina la nani?"

"La kwangu, mama," Gervas akasema kwa sauti ndogo.

Mama akashusha pumzi ndefu. "Mungu ni mwema," akasema, akainywa ile chai.

Ijumaa Mzee Ngassa akashuka garini na simu mkononi. Hakusalimia mtu. "Gervas ni nani hapa?"

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. "Wewe ndiye unayesema nikiona kitu kizuri sikiachi?"

Gervas akamtazama Mama Adelfina. Mama Adelfina akatazama dari. Nikamhurumia sana yule kijana. Akisema ukweli, bosi wake amekwisha, na yeye ataishi na nani Rulenge?

"Ni mimi, Mzee," akasema.

Mzee akanigeukia. "Lete chupa." Nikaileta. Akaiweka kwapani, na hakuiacha.

Mama Adelfina, dhamiri ikimsuta, akamtetea Gervas kwa nusu saa nzima. Akaomba abaki, apewe hicho cheo cha mawasiliano. Mzee akakubali upesi mno.

Leo Gervas ni Afisa Mawasiliano kamili. Kitendea kazi chake si simu tena, ni pikipiki. Kila Jumatatu anabeba ujumbe wetu kwenye bahasha mpaka Biharamulo, anarudi na wa kwao, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka soksi. Malori hayajapishana tena.

Nshoma anasema kila Gervas akifika, huvua kofia mlangoni akaamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Mzee."

Na Mzee Ngassa, kabla ya kuitikia, humuuliza, "Hiyo ni yako, au umetumwa?"