Mdhamini Aliyeacha Koti

Mtu akiitwa Koti na mtaa mzima, ujue hana kingine cha kumtambulisha. Kazi yake ilikuwa udhamini wa kukodiwa. Katika mji ule mgeni hapangishwi chumba bila mwenyeji wa kumdhamini, na wenyeji wenyewe wagumu kama saruji. Basi Koti, akishanusa shida, hupokea ujira wake, huweka sahihi isiyo na mwenyewe, kisha huyeyuka.

Siku hiyo alimnasa fundi vigae aliyetoka nchi ya mbali. Mkewe na mtoto mchanga walikuwa njiani; bila chumba, wangelala kituoni.

"Ondoa shaka, ndugu yangu," alisema Koti, akitia bahasha ya fundi mfuko wa ndani wa koti. "Mimi nikikohoa, mji mzima unasema pole."

Mwenye nyumba, bibi mmoja mkavu, aliwakaribisha sebuleni.

"Huyu fundi, mama, ni kama tumbo moja nami," Koti alianza, akichomoa kalamu kwa madaha.

"Rudisha kalamu, mwanangu. Sahihi zimenidanganya vya kutosha. Kwangu mdhamini huacha koti. Mpangaji akihama salama, mdhamini analichukua."

"Koti? Lakini mama, baridi hii..."

"Baridi ipi, nawe unatoka jasho? Au tumbo ni mbalimbali?"

Fundi akamgeukia. Viganja vyake vilikuwa vipana kama vigae vyake. Kukataa ni kurudisha bahasha, na Koti hajawahi kurudisha kitu. Akavua. Bibi akalitundika chumbani kwake, akafunga kufuli.

Koti alifika getini akipiga mluzi. Hapo ndipo alipojipapasa kifuani. Bahasha! Kisha akamkumbuka dobi, aliyemwazima koti hilo la mteja mpaka jioni tu.

Siku hizi mchana hupiga pasi kwa dobi, kufidia. Alfajiri hugonga dirisha la fundi: "Shemeji, mwamshe mwenzio, atachelewa kazini! Kodi mmelipa?" Bomba likivuja, huliziba yeye. Mtoto akilia, humbeba yeye.

"Lakini shemeji, chumba hakiwabani?" aliuliza juzi, mtoto begani. "Mkihama, nitawatafutia kikubwa."

Mke wa fundi akacheka.

"Tuhame twende wapi, shemeji? Mdhamini kama wewe tutampata wapi tena?"