Mashine ya Vijitabu na Maji ya Baraka

Jumatatu, 9 Juni

Mungu ananiona. Miaka kumi na tisa nimekunja karatasi kwa vidole hivi katika duka la uchapaji la Mzee Kantilal, hapa Mtaa wa Msimbazi. Leo ndiyo naletewa mashindano! Tena na Candida, mwenzangu wa hapa dukani!

Mzee anataka mashine ya kutengeneza vijitabu. Katuambia kila mmoja alete anayoipendekeza, zijaribiwe hadi Ijumaa, isiyofaa irudi ilikotoka. Mwenye mashine itakayobaki atakuwa msimamizi wa chumba cha juu. Msimamizi! Chumba kina mlango, ufunguo na feni. Mke wangu Celina ameshawapigia simu dada zake wote Kibosho, kawaambia nimepandishwa cheo. Nitarudi nyuma kwa njia gani?

Yangu ni kubwa kama friji. Taa saba! Inakunja, inapiga pini, inakata kingo, yote peke yake. Ya Candida ni kidude cha kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Nikatubu palepale.

Jumanne, 10 Juni

Candida kaniamkia tena shikamoo mbele ya wateja. Kila asubuhi! Mimi nina hamsini na moja, yeye arobaini na sita, lakini hupiga goti kama ameona babu yake. Ningefanyaje? Nimeitikia marahaba huku nimeuma meno.

Nikamsogezea kidude chake mlangoni, penye vumbi na vipaza sauti vya wauza viatu. Nikamwambia huko kuna hewa. Akashukuru! Saa tano wapita njia wamejaa wanamtazama anavyokanyaga, na watatu wametuachia kazi za kuchapa. Nani aliwaambia wasimame?

Mchana zamu yangu. Vijitabu sitini vya novena, sala ya siku tisa, vya jumuiya yetu ya kanisa, Magomeni. Kazi nimeileta mwenyewe. Candida kachungulia, akasema kaka Anselmi, karatasi ya nje ndiyo inabeba ukurasa wa kwanza na wa mwisho, ukizipanga hivyo zikikunjwa zitavurugika. Nimemwambia nilikuwa napanga kurasa yeye bado anachezea vifuniko vya soda. Wa kwanza na wa mwisho kwenye karatasi moja, wapi na wapi! Moja, mbili, tatu. Ndivyo tulivyofundishwa darasa la kwanza.

Dakika sita, vijitabu sitini! Vinang'aa! Nimevifikisha jumuiya kwa mkono wangu, kabla sala haijaanza.

Jumatano, 11 Juni

Mama Jacqueline, mwenyekiti wa jumuiya, kaingia dukani na kanga begani na kijitabu mkononi. Sauti hadi ng'ambo ya barabara. Jana wamesali siku ya kwanza. Leo kafunua ukurasa, kakuta siku ya tisa. Akaniuliza: Baba Hillary, nimeshamaliza, au kuna siku saba nimesamehewa? Na siku ya nne mbona imesimama kichwa chini?

Wateja wakacheka. Mzee Kantilal hakucheka. Hilo ni baya zaidi.

Candida kavichomoa pini vyote, kapanga upya, kakanyaga, kamaliza kabla ya adhuhuri. Hakusema neno. Ndicho kilichoniuma! Angesema, ningemjibu!

Alhamisi, 12 Juni

Mzee katamka: kesho ile kubwa inarudi. Basi! Bila hata kuniuliza!

Nimesali rozari nikitembea. Fumbo la tatu, wazo likaja. Mzee wetu ni Mhindu mcha Mungu. Chombo kipya kikiingia dukani, hata kikokotoo, hukipaka unga mwekundu, hukivika maua, huvunja nazi. Mtu wa namna hiyo atarudishaje kitu kilichokwisha kubarikiwa? Hawezi. Roho itamsuta.

Nimekwenda kwa Padre. Nimemwambia kazini tumepata mashine mpya. Sikudanganya. Ni mpya, na tunayo.

Ijumaa, 13 Juni

Padre kaja saa tatu. Mzee Kantilal kastuka, lakini kavua viatu kwa heshima. Nikaiwasha, taa zote saba, ili Padre aone anabariki nini. Akasali vizuri sana. Akanyunyiza maji ya baraka mbele. Nikamnong'oneza, na juu kidogo Padre. Kule juu kuna matundu ya kupitisha hewa.

Tii! Taa tatu. Moja. Giza. Harufu kama ugali umeungua.

Padre akafunga kichupa chake. Ndipo Candida akasema, kwa upole kabisa: amina.

Mzee kawapigia simu wenye duka la mashine. Wakasema iliyolowa hawapokei. Haya! Si nilisema haitarudi? Haikurudi! Nilitaka apumue nimkumbushe, lakini alikuwa ameshika kichwa.

Kaichukua na ya Candida, maana kazi lazima ziende. Ufunguo kampa yeye. Mbele yangu. Eti mashine yangu imebaki kweli, ila wa kuisimamia hahitajiki.

Nyumbani Celina kaingia zake ndani. Anapokea simu za Kibosho chumbani, mlango umefungwa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepangiwa kukaa chini ya Candida nijifunze kupanga kurasa. Mimi! Kaninunulia chai na vitumbua, kasema kaka usijali, ni wiki moja tu. Vitumbua vizuri. Dharau hiyo!

Jumapili yote nimewaza kosa lilikuwa wapi, na leo nimelipata. Padre alikuwa na kichupa kidogo mno. Baraka ilifika nusu, ikakatika. Mashine kubwa vile!

Saa ya chakula nimepita kwenye lile duka. Wana nyingine. Taa kumi na moja! Nimewaambia wailete Jumatano, Mzee ataiona ikiwa imeshafika. Maelezo yake ni kurasa arobaini. Ya nini?

Kisha nikaenda parokiani. Padre kauliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia nina hakika, na safari hii tafadhali aje na ndoo.